Gari la umeme: kuchaji kila usiku au kusubiri lishuke?

Si lazima kila usiku, ila usingoje lifike asilimia 5 ndipo uchomeke. Betri ya lithiamu haihitaji kumalizwa. Huchoka zaidi ikikaa imejaa pomoni au tupu, hasa kwenye joto. Kama ni NMC (aina ya lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti), weka kikomo cha asilimia 80 kwenye menyu ya gari, uchaji ikishuka hadi 30 hivi. Asilimia 100 iache kwa safari ndefu, tena ijae karibu na saa ya kuondoka. LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) ni habari nyingine: ijaze 100 mara moja kwa wiki, maana volti yake haibadiliki sana katikati na kipimo cha chaji huanza kudanganya. Soketi ikiunguza mkono? Simamisha chaji, kisha uchomoe. Mara nyingi waya umelegea nyuma yake.