OptiPlex 7050 kwa gemu na video za harusi: usitume hela ya kadi ya michoro (GPU) kabla ya kufungua kasha

Mkuu, umesema una kompyuta ya Dell OptiPlex 7050 ya mnara, prosesa i5-7500, RAM GB 8 kijiti kimoja, hadidiski ya GB 500, uko Nyegezi, Mwanza, na unataka kucheza GTA V pamoja na kuediti video za harusi na sendofu. Jamaa wa Kariakoo anakuuzia kadi ya michoro "RTX 3050" na ataipakia kwenye basi. Kabla hujamtumia hela, muulize ni ya GB 6 au GB 8.

Jina ni moja ila hizo ni kadi mbili tofauti. Ya GB 8 inakula hadi wati 130 na inadai waya wake wa umeme wa pini 8. Ya GB 6 inakula wati 70 na matoleo mengi yanachukua umeme wote kwenye sloti, ambayo kikomo chake ni wati 75. Pawa saplai ya 7050 ni ya wati 240 na haina waya wa kadi. Piga hesabu: prosesa 65, kadi 70, mazabodi na feni na diski kama 45. Jumla 180, inapumua. Ukiweka ya GB 8 kwa ule waya wa kuunganisha kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski), unaomba moto. Plagi ya SATA haikuundwa kubeba mzigo huo, inaanza kulainika kwanza kisha inanuka.

Najua kuna atakayekwambia "badilisha tu pawa saplai". Fungua pembeni uangalie plagi inayoingia kwenye mazabodi. Ina pini 8, si 24 kama kompyuta za kuunga. Utahitaji adapta ya 24 kwenda 8 inayotengenezwa kwa Dell (ya HP haifanani, usiazime), na pawa saplai ya kawaida inaweza isikae kwenye kasha. Inawezekana, ila kwa bajeti yako hela hiyo ina kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni RAM na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na hizi zinatangulia kadi. Kijiti kimoja maana yake RAM inafanya kazi kwa njia moja badala ya mbili. Tafuta DDR4 vijiti viwili vya GB 8 vinavyofanana, uviweke kwenye sloti za rangi moja. Kama unagusa video za 4K, weka viwili vya GB 16. Angalia lebo: ikiwa na PC4-2400T-R, hiyo R baada ya kistari ni ya seva. Bei yake inavutia, lakini kwenye mashine hii haitawaka. Unataka yenye U mahali pa hiyo R.

SSD weka ya aina ya NVMe, GB 500, kwenye sloti nyembamba ya M.2 iliyo kwenye mazabodi, ibebe Windows, programu na mradi unaouediti sasa hivi. Hadidiski ya zamani ibaki ghala. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45, kwa hiyo harusi moja ya kamera mbili inajaza GB 500 upesi kuliko unavyodhani.

Hapa ndipo wengi wanakwama: wanachomeka NVMe, wanaanza kusakinisha Windows, diski haionekani. Wanarudi dukani kugombana. Bonyeza F2 wakati wa kuwasha, nenda System Configuration, kisha SATA Operation. Mara nyingi utaikuta kwenye RAID On. Weka AHCI, hifadhi, ndipo usakinishe upya. Ukibadilisha huku Windows ya zamani bado ni ile ile, utapata skrini ya bluu, na hiyo si SSD mbovu.

Turudi kwenye kadi. Pima kwa rula kutoka nyuma ya kasha hadi kizimba cha hadidiski. Za feni moja zenye urefu wa sentimita 17 hivi ndizo salama. Ichomeke kwenye sloti ndefu iliyo karibu na prosesa. Ile ndefu nyingine inafanana kwa macho lakini imeungwa njia 4 tu za data. RTX 3050 GB 6 ikikushinda bei, GTX 1650 ya GB 4 inatosha kwa GTA V na kwa taimulaini ya 1080p. RX 6400 iache kabisa hata ukipewa kwa bei ya kutupa: haina sehemu ya kuenkodi (kubana) video, na inatumia njia 4 tu, kwa hiyo kwenye mashine ya kizazi hiki inabanwa mara mbili.

Ukikutana na GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, geuka uondoke. Chipu za familia hiyo hazitoi VGA. Hiyo ni kadi ya kale iliyobadilishwa jina. Mwambie muuzaji afungue programu ya GPU-Z na akutumie picha. Ya bandia huandikwa FAKE pale pale juu. Na asikutumie kompyuta ikiwa na kadi ndani ya sloti, maana matuta ya njiani yanapinda sloti. Isafiri kivyake ndani ya boksi lake.

Prosesa: i7-7700 inaingia bila shida, ina nyuzi za kazi (threads) 8 badala ya 4, na wati ni 65 zile zile. Usidanganyike na i7-8700. Soketi inaitwa LGA1151 vilevile, lakini mazabodi yako haitaiwasha. Ukibaki na i5, funga gemu kwenye fremu 60, mikwamo inapungua sana.

Kwenye kuediti, video za simu zina fremu zinazobadilikabadilika, ndiyo maana sauti ya MC inaachana na mdomo kadiri video inavyokwenda. Zipitishe kwenye programu ya HandBrake kwanza, chagua Constant Framerate. Za kamera ya biti 10 aina ya 4:2:2 hakuna kadi kati ya hizi itakayozifungua yenyewe, mzigo utabaki kwa prosesa. Tengeneza proksi (nakala nyepesi) za 720p, uediti hizo, wakati wa kurenda (kutoa video ya mwisho) programu inarudi kwenye faili halisi.

Umeme: UPS ya 650VA inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumalizia kurenda. Printa ya leza usiichomeke humo.

Na wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi jioni na kufuata taa. Skrini inayowaka karibu na dirisha inawaita chumbani, feni inawavuta, wanaganda kwenye mapezi ya kipoza prosesa pamoja na vumbi. Joto likikaribia nyuzi joto 100 kwenye programu ya HWiNFO, prosesa inajipunguzia kasi na utadhani kadi ni mbovu. Kila miezi miwili fungua, puliza kwa blowa, na ushike pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Kompyuta isikae sakafuni.

Mwisho wa yote waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Nunua RAM na SSD wiki hii, halafu tuma picha ya lebo ya pawa saplai yako hapa tuisome kabla ya kadi.