Umeinua pikapu yako? Pima kwanza kabla ya kufunga guzineki

Mimi huvuta marobota ya nyasi kutoka Kajiado hadi kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Nairobi. Pikapu yangu ni Land Cruiser ya kebini moja, na tangu zamani nilikuwa nimeiinua: springi zilipandishwa sentimita 5, kisha nikaweka tairi ndefu zaidi kwa sentimita 5. Tairi hizo ziliongeza sentimita 2.5 tu, kwa sababu nusu ya urefu wake iko juu ya ekseli. Jumla, bodi ilipanda sentimita 7.5. Kumbuka hesabu hiyo, kwani ndiyo iliyoniumiza.

Trela ya guzineki ina shingo iliyopinda kama ya bata bukini. Shingo hiyo hupita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, ikashuka na kukalia tufe la chuma linalochomoza kwenye sakafu ya bodi. Uzito humwagikia ekseli ya nyuma badala ya kuning'inia mkiani, na trela hutulia hata upepo wa Isinya ukiipiga ubavuni. Tufe likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Likikaa nyuma yake, mbele ya gari huwa nyepesi na usukani unaanza kuelea.

Fundi aliyeniundia trela alipima pikapu ya kawaida. Nilipoiunganisha na yangu, pua ya trela ilitazama juu. Nilivuta hivyo hivyo safari mbili. Ya pili nilisimama Kitengela nikagusa ringi: za ekseli ya nyuma ya trela zilikuwa moto kushinda za mbele, kwa sababu mzigo wote ulikuwa umerudi nyuma.

Nikasukuma kishikio, kile kipande cha shingo kinacholishika tufe, juu ndani ya shingo mpaka trela ikalala sawa. Nikafurahi. Lakini ukiishusha shingo ili trela ilale sawa, unaisogeza karibu na kingo za bodi. Nafasi inayotakiwa kati ya kingo na shingo ni angalau sentimita 15. Mimi nilibaki na upana wa vidole vinne. Siku ya kushuka kutoka lami kuingia shambani, magurudumu ya mbele yalizama mtaroni, mkia wa pikapu ukainuka, na mlango wa nyuma ukabanwa na shingo ukakunjika katikati.

Nilikuwa na njia mbili: kurudisha pikapu chini, au kuinua trela. Nilichagua trela, kwa sababu njia zangu za shambani zinadai gari lililo juu. Ekseli zilihamishwa kutoka juu ya springi kwenda chini yake, trela ikapanda kama sentimita 12, na nafasi ikarudi. Mzigo nao ulipanda pamoja nayo, kwa hiyo nimeacha kupakia safu moja ya juu. Pikapu yako ikiwa ni ya lami zaidi, nakushauri uishushe.

Kuna jambo jingine lililonitisha kuliko mlango. Fundi wa kwanza alichomelea bamba linaloshikilia tufe moja kwa moja kwenye chesisi. Miezi minne baadaye nililala chini ya gari na tochi, nikaona mstari mwembamba kama unywele wa mtoto, ukiwa na kutu ya rangi ya chai, ukianzia pale welding ilipoishia. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha chesisi, na chuma hufa kutokea hapo. Fundi wa pili, kule Industrial Area, aliimarisha chesisi kisha akafunga bamba kwa bolti zilizoandikwa 10.9 kichwani (alama ya bolti ngumu), kupitia ubavu wa chesisi wala si kingo zake za juu au chini, akaweka vipande vya bomba ndani ili nati zikikazwa chesisi isibonyee. Baada ya kilomita 100 nilirudi akazikaza tena. Ukiona mtu anafunga tufe kwenye bati la sakafu peke yake, chukua funguo uondoke.

Uzito nao uhesabu. Asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela huangukia tufe. Trela ya kilo 2,500 ikikuwekea asilimia 20, hizo ni kilo 500 ndani ya bodi, kabla ya abiria na zana. Kuinua gari hakuongezi hata kilo moja ya uwezo wake. Na ikiwa trela haina breki zake, pikapu nyingi za hapa haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750.

Tufe lenyewe pia ni la kuangaliwa. Trela nyingi za hapa hushika tufe la milimita 50, ilhali la guzineki huwa karibu milimita 59. Kishikio kikubwa juu ya tufe dogo hukaa vizuri mpaka tuta la kwanza. Funga minyororo ya usalama kwenye chesisi. Trela pia iwe na namba yake ya usajili inayoanza na Z.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, weka pikapu na trela mahali tambarare zikiwa na mzigo, upime kimo cha kingo za bodi na cha shingo kutoka ardhini. Baada ya kufunga, tafuta mtaro mdogo, uingize magurudumu ya mbele polepole, kisha kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Mtu mwingine asimame pembeni, jicho lake kwenye mlango wa nyuma, mkono wake juu tayari kukusimamisha.