Jibu: Kolekta ya RX-7 (12A) niliyoipanua, mashine inatetemeka

Jambo ndugu. Umesema kwenye Mazda RX-7 yako yenye mashine ya rota ya 12A ulipanua njia zote nne za kolekta (bomba linalopeleka hewa na esansi toka karbureta hadi kwenye mashine), karbureta ni ile ile ya Nikki, na sasa relanti (mwendo wa mashine bila kukanyaga gesi) inapanda na kushuka ovyo. Usiguse jikleri (vitundu vya kupimia esansi ndani ya karbureta) kwanza. Tafuta hewa ya wizi, yaani inayopenya mahali pasipostahili.

Mashine ikiwa baridi, pulizia kidogo spreyi ya kusafishia karbureta kwenye gasketi ya kolekta. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Fungua, ulaze uso wa kolekta juu ya kioo kinene, ukicheza, haujanyooka. Humo pia mnapita maji ya kupoza, kwa hiyo weka oringi (pete za mpira za kuzuia maji) mpya. Mimi nilirudisha za zamani, hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, nikabaki kuongeza maji kila asubuhi kama mtu anayefuga ng'ombe.

Ila kosa kubwa naliona kwenye njia mbili za katikati. Hizo ndizo zinazolisha mashine ukienda polepole. Ukizipanua, hewa inapoteza mwendo na esansi haichanganyiki vizuri. Mimi siku hizi naziacha kama zilivyotoka kiwandani, napiga msasa zile mbili za pembeni tu, na sivuki mstari wa tundu la bloki, pale kolekta inapokutana na mashine. Kama za katikati umeshazila sana, tafuta kolekta nyingine, kujaza alumini ni kazi ya kulia.

Na uioshe vizuri! Chembe moja ya alumini inakwaruza sili za rota (vipande vya ukingoni mwa rota vinavyozuia gesi isivuje). Vibomba vya oili vinavyoingia kwenye karbureta virudishe vyote, ndivyo vinavyolainisha hizo sili.