Mnaoanza kazi ya chakula cha skuli, someni haya kabla hamjapanga siku ya mboga

Asalaam alaykum jamani. Najua muhula huu kuna wapishi wapya na walimu wapya waliopewa dhamana ya chakula kwenye skuli zetu huku Pemba, na kitu cha kwanza mnachoambiwa ni pangeni siku ya lishe, siku ya mboga, siku ya matunda, watoto wahamasike. Mie huu mwaka wa tisa ni mwalimu mlezi wa chakula skuli ya msingi, watoto mia nne na kitu, siku hizo nimezipanga nyingi, nyengine zimefanikiwa na nyengine zimeniuma roho mpaka leo, kwaiyo nawaandikia yale ambayo ningependa mtu aniambie mie wakati ule naanza.

Siku yetu ya kwanza ya mboga tulichapisha bango, tukaazima spika, tukaalika mgeni rasmi kutoka ofisi moja tukaambiwa atafika saa nne. Wapishi waliamka alfajiri, saa tatu na nusu mchicha upo tayari. Mgeni kafika saa saba kasoro. Muda wote huo watoto wamekaa juani wanaimba nyimbo za mboga na matumbo matupu, mchicha umegeuka mweusi umetoa maji, wali umepoa, na walipogaiwa walikula wali na mchuzi wakausukuma mchicha pembeni ya sahani. Nilimwaga kwa mkono wangu ndoo tatu za mchicha siku ile ile tuliyopigiwa makofi na kupigwa picha. Wallahi sikulala vizuri.

Jioni yake mama mpishi wetu mkubwa, sie tunamwita Bi Mkubwa, aliniita nyuma ya jiko akanambia, "Mwalimu, mchicha hausubiri mtu. Ungeniuliza ningekwambia tupike kisamvu, kile kinakaa." Basi. Wala hakunilaumu zaidi ya hapo. Na kweli sikumuuliza, kamati tulikaa vikao vitatu na hakuna hata kimoja alichoitwa mpishi, tulimpelekea orodha tu kama vile tunaagiza dukani.

Kwaiyo jambo langu kubwa ndo hili, siku maalumu inaanzia kwa mpishi. Muite kwenye kikao cha kwanza, kabla ya bango, kabla ya nyimbo, kabla hata ya kuchagua tarehe. Yeye ndo anajua kisamvu lazima kitwangwe vizuri na kipikwe muda mrefu mana muhogo una sumu yake na hasa ule mchungu, anajua mchicha na matembele yanatiwa mwisho kabisa na sufuria inaepuliwa hapo hapo, anajua maharage mekundu yasiporoweka na kuchemka kisawasawa yanaumiza matumbo, yani yasiachwe kwenye moto mdogo tu, yachemke yabubujike angalau dakika kumi kisha ndo upunguze moto. Mwalimu ukipanga bila ya mtu huyu unapanga picha, hupangi chakula.

Na watoto wala usiwakutanishe na lishe bora kupitia mgeni, wakutanishe na mpishi wao. Tulipoanza upya siku ya mboga tulimtoa Bi Mkubwa jikoni akasimama mbele ya foleni ya asubuhi, aproni safi, mwiko mkononi, akawaambia watoto leo nimekupikieni choroko za nazi na mchicha, nimeionja mwenyewe, nataka mnambie imekosa nini. Hakuna hotuba zaidi ya hiyo. Watoto walikula kwa sababu waliombwa maoni na mtu wanaemjua, na walitoa maoni kweli, mmoja wa darasa la tatu alisema imekosa ndimu na wiki ya pili ndimu ikatiwa, mtoto yule alitembea skuli nzima anasema ile mboga yangu. Hicho kitu huwezi kukinunua kwa bango.

Sasa tarehe. Watu wengi wanachukua kalenda ya ukutani wanachagua siku wanayoipenda, huku kwetu haiendi hivyo. Ukitaka siku ya dagaa basi tazama mwezi kwanza. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa kiza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki na boti nyingi zinapumzika, dagaa zinakuwa chache na bei inapanda, na wewe ushatangaza. Mie nilishapanga siku ya dagaa katikati ya mwezi wa kiislamu bila kufikiri, tarehe kumi na nne, mwezi umejaa kama sinia, tukaishia kununua kidogo kwa bei kubwa na kila mtoto akapata dagaa za kuhesabu. Saivi napanga mwisho wa mwezi au siku za mwanzo unapoandama. Na masika usipange kitu chochote cha samaki, bahari inachafuka na njia zetu nazo mnazijua, kipindi hicho kaa na kunde, mbaazi na choroko, nafaka kavu hizo hazijali mvua.

Dagaa zenyewe mzijue. Nyingi za huku zinachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwaiyo zikifika jikoni zina chumvi yake tayari. Ziroweke, zioshe maji mawili matatu, na mchuzi usiutie chumvi mpaka uuonje. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto anatakiwa apate chini ya hapo, sasa ukitia dagaa za chumvi na juu yake ukatia chumvi ya mazoea umemmaliza mtoto kwa mlo mmoja. Bi Mkubwa dawa yake ni ukali, anatia mbirimbi au embe mbichi au anakamulia ndimu, ulimi ukipata ukali hauidai chumvi sana. Na ile chumvi kidogo mnayotia hakikisheni ina madini joto, kabla ya kununua gunia uliza, usione haya kuuliza. Faida ya dagaa ni kwamba mtoto anakula na miba yake, mle ndo mna madini ya mifupa na meno, minofu ya nguru haina hiyo na bei yake skuli haiwezi.

Kuna jambo jengine lilinichukua miaka kulijua, chai. Skuli nyingi tunawapa watoto chai ya rangi pamoja na chakula au mara tu baada yake, tunaona tunawatendea wema. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga, wakati watoto wetu khasa wasichana wakubwa ndo wanayahitaji hayo madini kwa ajili ya damu. Kinyume chake vitamini C inasaidia yachukuliwe. Yani sahani ile ile ya kunde, ukiiweka na chai unapoteza, ukiiweka na chungwa au pera au embe unapata. Tulifanya siku ya machungwa mara moja, msimu wenyewe, wazee wa watoto walileta vikapu kutoka mashamba yao wala hatukununua, na tangu siku hiyo chai imehamishwa asubuhi na mchana inakuja na tunda au maji tu. Gharama haikuongezeka ila kulikuwa na ubishi mkubwa wa walimu, mana walimu ndo waliokuwa wanaipenda ile chai kuliko watoto. Msiogope ubishi huo, kaeni nao mzungumze.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, hivi viazi lishe, na boga, na papai, vina vitamini A na hiyo inataka mafuta kidogo ndo mwili uichukue, kwaiyo kiazi cha kuchemsha kitupu si sawa na kiazi kilichopikwa na tui. Sie tuna bahati nazi tunazo. Ila tui la kwanza zito la nazi nyingi silo la kila siku, mafuta yake mengi, wapishi wetu wanachanganya tui jepesi na sufuria inatosha.

Sukari kwenye uji nakuombeni msiikate kwa siku moja. Tulikata nusu kwa ghafla siku ya afya, watoto wakaugomea, wakatoka nje getini wakanunua lambalamba na ubuyu wa rangi, kwaiyo sukari walikula zaidi ya ile tuliyowapunguzia. Baadae Bi Mkubwa akasema niachieni mie. Sufuria kubwa ilikuwa inachukua vibaba sita, yani pishi moja na nusu, akawa anapunguza nusu kibaba kila wiki mbili na anaponda ndizi mbivu kidogo ndani, muhula ulipoisha tupo vibaba vitatu na hakuna mtoto aliyesema neno. Hakutangaza popote. Kazi za wapishi nyingi ni za namna hiyo, hazionekani, na ndo mana mie kila kikao naziandika kwenye kumbukumbu na nazisoma mbele ya wazee, mpishi asikie jina lake likitajwa kwa kheri. Wengi wao wanafanya kazi hii kwa posho ndogo mno, wengine kwa kujitolea kabisa, na moshi wa kuni wanauvuta wao.

Mama wanaouza getini msiwafukuze. Najua mtaambiwa wafukuzeni. Wale ni mama wa watoto hao hao, mmoja wao mumewe kafariki na bajia ndo zinamlipia daftari za watoto wake. Sie tulimuomba sheha, yani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, akae nao na kamati ya skuli, tukakubaliana mahindi ya kuchemsha, muhogo, machungwa yaliyomenywa, maji ya ukwaju yenye sukari kidogo, na vyakula vyao wavifunike na kawa. Siku maalumu tunawapa meza ndani ya uwanja. Soda bado zinapita chini chini sitakudanganyeni, lakini si kama zamani.

Usafi nalisema haraka kwa sababu mnalijua, mikono kwa sabuni, maji yaliyochemshwa, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje bila moto. Tarehe 15 Oktoba ni siku ya kunawa mikono duniani na 16 Oktoba ni siku ya chakula duniani, siku lilipoundwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945, zimefuatana, ziungeni iwe shughuli moja ya siku mbili, ya kwanza watoto wanajenga vibuyu chirizi, yani vidumu vya kuning'iniza vya kunawia, na ya pili wanavitumia kabla ya kula. Yetu ilikuwa nzuri sana kwa pesa ndogo. Japani watoto wenyewe wanagawa chakula darasani kwa zamu wamevaa kofia na aproni, tuliwaonesha picha kisha darasa la sita wakagawa wao, na nikaona mtoto akigaiwa na mwenzake anaona haya kuirejesha mboga. Sasa ni kila Alkhamis.

Na hapa ndo penye siri ya siku maalumu kama mnataka niwaambie. Chakula cha siku hiyo kirudi wiki inayofuata, na wiki ya baada yake. Mtoto anaweza kukikataa kitu mara nyingi kabla ya kukizoea, kukionja mara moja kwenye sherehe hakumfunzi ulimi wake. Sie tunayo sheria yetu, hatutangazi siku ya chakula ambacho hatuwezi kukipika angalau mara moja kwa wiki mpaka muhula uishe. Sheria hiyo ilituondolea mambo mengi, siku ya kuku ikafa, siku ya keki ya matunda ikafa, zikabaki mbaazi, kisamvu, dagaa, boga, shelisheli kwa msimu. Pesa ya bango tunanunulia mafuta na vitunguu.

Mgeni akialikwa, watoto wanakula kwanza kwa saa yao. Akichelewa atakuta sahani zinaoshwa, ataoneshwa jiko na atapewa chakula chake kilichohifadhiwa. Hakuna aliyekasirika mpaka leo.

Kupima kama mmefanikiwa hakutaki utaalamu. Wekeni ndoo moja ya mabaki, mboga tu, kila siku kabla ya kumwaga mtu atie alama kwa chaki imefika wapi, aandike kwenye daftari na alichopika. Baada ya mwezi mtaona wenyewe. Kwetu kisamvu kinaacha robo ndoo, mchicha uliopikwa mapema unaacha ndoo nzima, bamia bado hazijapata mtu. Daftari likae jikoni kwa wapishi, lisikae ofisini kwa mwalimu mkuu, na asiyejua kuandika achore, wetu mmoja anachora jani na idadi ya vidole.

Ramadhani jiko letu linazimwa, ndo wakati tunapanga mafiga upya, tunakagua magunia kama kuna wadudu au karanga zenye ukungu, hizo zenye ukungu hazioshwi wala hazikaangwi, zinatupwa. Na wapishi wanakaa kivulini na lile daftari la ndoo wanachagua wenyewe siku tatu za muhula unaokuja. Mwaka huu siku ya kwanza wamechagua shelisheli la nazi, na Bi Mkubwa kashaniagiza nikaulize kule Konde, kaskazini ya Pemba, msimu wake unaanza lini.