Ngozi ya mpini: jibu kwa anayechagua bastola ya kubeba Pwani

Ndugu yetu wa Watamu ameuliza juu ya mpini wa bastola, na kwa kuwa swali lake nimeliishi kwa pande mbili, upande wa muuzaji na upande wa mbebaji, naomba nimjibu kwa urefu kidogo. Ameeleza kwamba kibali ameshakipata, kwamba alipanda Nairobi kuangalia silaha, na kwamba amerudi na mbili kichwani: ya kwanza ina mpini wa plastiki laini, na ya pili mpini wake unaparuza kama msasa. Muuzaji alimshauri achukue ya msasa kwa sababu haitamtoka mkononi, na yeye mwenyewe amekiri kwamba ile laini aliiona kama mchezo wa watoto. Sasa anataka kujua kama tofauti hiyo ina maana yoyote au ni maneno ya biashara tu.

Ina maana, tena kubwa, isipokuwa muuzaji amemweleza nusu yake. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la silaha lenye leseni jijini Nairobi kwa miaka sita kabla sijarudi nyumbani Malindi kuangalia biashara ya familia, na tangu hapo nimekuwa nikibeba bastola yangu mwenyewe karibu kila siku. Niliyojifunza huku yamenifanya nione haya kwa baadhi ya ushauri niliokuwa nikiutoa kule.

Mteja anapokabidhiwa bastola iliyokwisha kukaguliwa kuwa haina risasi, jambo la kwanza analofanya si kutazama mtutu wala kuuliza magazini inachukua risasi ngapi. Huifumbata kiganjani, akailegeza kidogo, akaifumbata tena, kisha akapitisha kidole gumba ubavuni mwa mpini, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kuuliza bei. Sisi tuliokuwa kazini tulipaita mahali hapo ngozi ya mpini, na tulijua kwamba ngozi ikishampendeza mteja, maneno yaliyobaki huwa machache. Mpini unaoparuza ulimwambia kwamba ameshika chombo cha kazi. Mpini laini, hasa wa plastiki inayong'aa, ulimkumbusha bastola za kuchezea ambazo watoto hununuliwa siku ya Idi, hata kama chuma kilichokuwa juu yake kilikuwa bora mara mbili. Wazee walivutwa na mbao. Ukiwapa bastola ya chuma yenye vibao vya mti vilivyochongwa vistari vya kukatana, walitabasamu kabla hawajaiinua. Mpira nao ulikuwa na watu wake, wale waliopenda kitu kinachobonyea kidogo mkononi, na hao mara nyingi walikuwa wanunuzi wa mara ya kwanza walioogopa kwamba bastola itawapiga teke.

Tatizo ni kwamba hukumu yote hiyo ilitolewa kwa muda usiozidi dakika moja, na mkono ulikuwa mkavu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mteja huingia dukani akiwa na koti na viganja vya baridi. Mkono huo haujui chochote kuhusu Malindi ya mwezi Machi, wakati upepo wa kaskazi umekwisha kulegea na masika hayajaanza, ambapo mtu hutokwa na jasho akiwa ameketi kivulini bila kufanya kazi yoyote.

Kazi ya mparuzo ni hii. Ngozi yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko ngozi kavu kabisa, ndiyo maana mhesabu noti hulowesha kidole; lakini jasho likizidi hutanda kati ya kiganja na plastiki, na kiganja kikaanza kuelea juu yake. Ncha zilizo kwenye mpini hupenya utando huo zikaigusa ngozi yenyewe, na vijifereji vilivyo kati ya ncha huyapa maji mahali pa kukimbilia, kama meno ya tairi yanavyofanya barabarani wakati wa mvua. Bastola ya milimita 9 inapofyatuliwa, mpini hutaka kupanda na kujizungusha kiganjani. Ukiteleza hata kidogo, risasi ya pili utaipiga ukiwa na mshiko usio ule ulioanza nao. Kwa hilo muuzaji wako hakusema uongo. Kwenye chuma na mbao ukali huo hata hupimwa kwa idadi ya vistari katika inchi moja: vistari 20 huacha ncha kubwa zinazouma, na vistari 30 huacha ncha ndogo zinazovumilika. Kwenye plastiki kila kiwanda huchora ukali wake katika kalibu, ndiyo maana bastola mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa mkononi.

Tena usidhani viwanda vimekwisha kuafikiana. Bastola ya kwanza ya kiwanda cha Glock, ile iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ilikuwa na ngozi ya changarawe nyepesi. Kizazi cha pili kiliongezewa mikato mbele na nyuma ya mpini, na cha tatu kikaletewa mabonde ya vidole. Mwaka 2009 likatoka toleo lenye ncha nyingi kali, na mwaka uliofuata kizazi cha nne kikaja na ncha zilizopunguzwa makali pamoja na migongo ya mpini inayobadilishwa, yaani vipande vya nyuma vinavyoupunguza au kuuongeza unene. Mwaka 2017 kizazi cha tano kikayafuta mabonde ya vidole. Mabonde hayo nayakumbuka vizuri tangu siku za kaunta, kwa sababu mteja ambaye vidole vyake viliingia sawasawa aliona bastola imetengenezwa kwa ajili yake, na aliyemfuata, mwenye vidole vinene, alikuta vidole vimekalia matuta akairudisha bila maelezo. Katika yote yanayofanywa kwenye mpini, hakuna linaloweza kuuza na kufukuza kwa siku moja kama hilo.

Sasa nije kwenye nusu ambayo hukuambiwa. Bastola ya raia hufyatuliwa mara chache, na kwa wengi wetu, Mungu akijaalia, haifyatuliwi kamwe nje ya uwanja wa shabaha. Lakini kiunoni hukaa saa nane hadi kumi kwa siku, tena ndani ya nguo, kwa kuwa haibebwi ikionekana. Kwa hiyo ngozi ya mpini hugusana na ubavu wako kwa saa nyingi kuliko inavyogusana na kiganja chako, na ubavu hauna sugu.

Mimi niliponunua yangu nilichagua kama wateja wangu walivyokuwa wakichagua: nilipapasa, nikaipenda ile kali kuliko zote rafuni, nikalipa. Nilirudi nayo Malindi nikaanza kuibeba ndani ya mkanda, upande wa kulia, juu ya fulana nyepesi. Jioni ya siku ya tatu nilipovua shati nilikuta juu ya nyonga kiraka chekundu chenye umbo la mpini, na pembezoni mwake harara imeota. Jasho lilipopita hapo kesho yake liliwasha kama ndimu kwenye kidonda. Mwezi haukuisha kabla mke wangu hajaniuliza ni kitu gani kinachotoboa mashati yangu yote mahali pamoja, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu; nilipolitazama moja mbele ya dirisha, uzi wa pamba ulikuwa umechakaa ukawa kama chachi. Lililonisikitisha zaidi ni tabia iliyozaliwa na maumivu hayo. Nilianza kuigusagusa na kuisogeza mbele za watu, jambo ambalo mbebaji hapaswi kulifanya, na siku za joto kali nikaanza kuiacha kwenye sefu. Bastola niliyoichagua kwa sababu haitelezi ilikuwa inalala nyumbani.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mgema, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimsubiri chini ya mnazi. Kotama yake, kisu cha kugemea, ilipanda naye kiunoni. Mpini wake ulikuwa wa mti mtupu, umelainika kwa miaka ya kushikwa, na mwishoni umepanuka kidogo ili kiganja kipate kizuizi hata kikiwa kimelowa tembo. Mapanga ya shambani aliyazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, lakini kotama hakuizungushia kitu. Sikuwahi kumwuliza sababu. Nilikuja kuielewa nikiwa nimesimama mbele ya kioo na kile kiraka chekundu. Umbo linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi tunayoipa ukali wa ngozi, na chombo kinachovaliwa mwilini hakitendewi kama chombo kinachotundikwa ukutani.

Ndiyo maana mpira, ambao kaunta ulikuwa ukijiuza wenyewe, sikupendekezei kwa kubeba. Hauchubui, hilo ni kweli, na hupunguza kishindo kidogo, lakini hung'ang'ania nguo. Ukiinama na kuinuka, shati hubaki limenasa juu yake na umbo la bastola huonekana na kila mtu aliye nyuma yako. Zile soksi za mpira zinazovishwa juu ya mpini nazo huhifadhi jasho chini yake, na kwa hewa yetu ya chumvi, skrubu yoyote ya chuma iliyofunikwa namna hiyo huota kutu kabla hujajua.

Kabla hujaamua, hakikisha kwamba unacholalamikia ni ngozi kweli. Wateja wengi waliokuwa wakiniambia "hii inateleza" walikuwa wameshika bastola isiyowatosha. Mkono mdogo ukishika mpini mnene, vidole havifiki vinapopaswa kufika, na kiganja huacha nafasi upande mmoja. Mpini hujizungusha hata ukiwa na msasa mtupu. Namkumbuka bibi mmoja aliyekataa bastola tatu kwa neno hilohilo moja. Ya nne ilikuwa na migongo ya kubadilisha. Nilimtolea mgongo wa kati nikamwekea ule mdogo, kwa pini moja tu, akaishika tena na kuniuliza kwa nini nimemletea bastola nyingine. Ngozi ilikuwa ileile.

Kuhusu kubadilisha mpini baada ya kununua, inategemea bastola yenyewe. Zile za chuma za mtindo wa CZ 75, ambazo hapa kwetu huitwa Ceska, zina vibao viwili vilivyofungwa kwa skrubu, na mtu anaweza kuweka vya mbao leo na vya plastiki kesho. Za plastiki nyingi mpini na mwili ni kitu kimoja, hivyo kila unalolifanya linabaki. Wako wanaochoma vinundu kwa chuma cha moto. Nimeona kazi nzuri ya namna hiyo na nimeona bastola iliyofanana na mshumaa ulioachwa juani, na plastiki iliyokwisha kuyeyuka hairudi. Utepe wa msasa wa kubandika ni mpole zaidi kwa sababu unabanduka, ingawa joto letu hulegeza gundi yake pembeni. Lolote utakalolifanya, mpe fundi wa silaha anayetambuliwa na usiguse eneo la nambari, kwa sababu nambari hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti chako. Na bastola si viatu. Ikishaandikwa jina lako, kuibadilisha kwa sababu imekuchubua ni safari nyingine ya ofisini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukirudi dukani usiulize ipi kali na ipi laini. Uliza ukali uko wapi. Unaohitajika kweli ni ule wa mbele, ambako vidole vitatu hufumba, na wa nyuma, ambako mpini husukuma kiganja. Ubavuni unaweza kuwa wa wastani tu, hasa ubavu wa kushoto, kwa sababu mtu wa mkono wa kulia akiibeba upande wake wa kulia, ubavu wa kushoto wa mpini ndio unaoutazama mwili. Omba ruhusa ulowanishe viganja kwa kitambaa chenye maji, kisha ishike kwa nguvu na mwombe muuzaji aisukume juu na pembeni huku wewe ukijaribu kuizuia, ikiwa tupu na mtutu ukielekezwa mahali salama. Halafu, na hili watu wataliona la ajabu, paruza mpini kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, chini ya kiwiko, mara ishirini hivi. Ngozi ya hapo ni nyepesi, na itakujibu kabla ya ubavu.

Kama ni lazima uchague kati ya hizo mbili ulizozitaja na hakuna ya tatu, na kama kweli utabeba kila siku, mimi ningechukua ile laini na kuiongezea utepe mbele na nyuma pekee. Ile ya msasa ningemwachia anayeishi kwenye uwanja wa shabaha, au anayeibeba nje ya mkanda akiwa na koti, na makoti Malindi tunayaona kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege tu.

Yangu sikuiuza. Fundi wa silaha aliifungua, akafunika sehemu nyingine zote, akalainisha ubavu wa kushoto kwa msasa mwororo uliolowanishwa, kidogo kidogo, akinipa niipapase kila baada ya dakika chache. Upande wa kulia bado unauma kama siku niliyoinunua. Wa kushoto umekuwa laini kama mbegu ya ukwaju. Jioni huipitisha mswaki wa zamani mkavu kwenye ncha zilizobaki, kwa sababu jasho na vumbi vikijaa humo hata mpini mkali huwa laini bila kuambiwa, na mashati sasa yanaharibika kwa sababu za kawaida.