Iringa hadi Santiago kwa miguu: yanayopaswa kuisha kabla ya kupanda ndege

Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi kuhiji Santiago de Compostela, kule Hispania, swali lake la kwanza huwa moja: watoto wataweza kutembea? Watoto wa Iringa wataweza. Wamekua wakipanda kutoka Ipogolo hadi mjini na mzigo kichwani, tena kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, wakati njia tunayoizungumzia hapa, iliyoko Galicia, jimbo la Hispania lenye mji wa Santiago, haizidi sana mita 700. Pumzi wanayo. Hija hii hukwama kwenye karatasi na kwenye nyayo, na vyote viwili huharibikia hapa hapa nyumbani.

Njia yenyewe ni kipande cha mwisho cha ile iitwayo Njia ya Kifaransa, kutoka mji mdogo wa Sarria hadi kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, kilomita 115 hivi. Wengi huanzia Sarria kwa sababu Compostela, yaani hati ya Kilatini anayopewa hujaji, inadai angalau kilomita 100 kwa miguu. Vitabu vya safari huzigawa siku tano. Kwa kundi la shule tunashauri sita: Sarria hadi Portomarín kilomita 22, Palas de Rei 25, Melide 15, Arzúa 14, O Pedrouzo 19, kisha Santiago 20. Siku ya Melide na ya Arzúa ukiziunganisha unapata kilomita 29 siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo ambayo miguu ya kila mtu imeshachoka na bado haijazoea.

Sasa karatasi. Likizo ya Juni ndiyo inayofaa, kwa hiyo pasipoti zianze kushughulikiwa Oktoba ya mwaka unaotangulia. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kinachochelewesha si foleni ya Uhamiaji. Ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Flora, rejista ya shule inasema Frola. Cheti kina majina mawili, kadi ya mzazi ina matatu. Mama aliandikishwa Kristina, mwenyewe anasaini Christina. Kabla hujamtuma mtoto popote, chukua meza moja, weka juu yake cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na barua ya shule, usome herufi kwa herufi. Panapotofautiana, mzazi aende kwa wakili kuapa mapema. Kosa la herufi moja likigundulika Mei, mtoto huyo hasafiri.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida majibu huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, basi hesabu 45. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, itambulike nchi zote za Schengen na igharamie kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kila mwenye miaka 12 na kuendelea hutoa alama za vidole, maana yake kundi zima linashuka Dar es Salaam. Ombeni miadi ya siku moja kwa wote. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili ni pesa ya viatu. Aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya maandishi ya wazazi wote wawili. Mmoja akiwa amefariki, kiambatanishwe cheti cha kifo. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali naye ana kibali chake cha kusafiri nje, na kibali hicho kina kasi yake.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Wanafunzi na walimu wao husamehewa ada wakisafiri kwa masomo au mafunzo, na hapo ndipo baadhi ya shule hujaribiwa kuandika "ziara ya kimasomo" kwenye barua wakati hosteli zote zilizopangwa ni za mahujaji. Usifanye hivyo. Andika hija, lipa ada. Barua inayopingana na ratiba humnyima mtoto viza, na jibu hilo hubaki kwenye kumbukumbu za viza za Schengen.

Tuje kwenye miguu. Lengelenge linahitaji vitu vitatu: joto, unyevu na msuguano. Ondoa kimoja, halitoki. Kiatu kiwe kikubwa kidogo kuliko kile cha kila siku, nusu saizi hadi saizi moja, kwa kuwa mguu huvimba ukitembea saa sita. Ukisimama na soksi nene, kidole gumba cha mkono kiingie kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Raba nyepesi yenye soli inayoshika tope inatosha; buti zito la ngozi halihitajiki Juni.

Wengi watanunua mtumba, na hakuna ubaya, ila kuna mtego ambao macho hayauoni. Viatu vingi vya kutembelea milimani vina tabaka la povu kati ya soli ya chini na mguu. Povu la namna hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, kikikaa kabatini miaka mingi. Juu kinang'aa kama kipya, kumbe katikati kimekuwa keki. Pale sokoni, kikunje kwa nguvu mara kumi, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au unga ukadondoka, au mstari wa ufa ukaonekana kwenye mkunjo, kirudishe kwenye rundo. Hicho kitaachia soli nzima kwenye tope, na muuza viatu wa Sarria hauzi kwa bei ya mnadani.

Kiatu kikishapatikana kitembee kilomita 80 hadi 100 kabla ya safari. Zawadi ya viatu vipya kutoka kwa mjomba wiki ya mwisho ibaki nyumbani, kwa heshima zote.

Soksi za pamba tupu hunywa jasho na kulishika. Tafuta za sufu au za nailoni iliyochanganywa, jozi tatu kwa kila mtu. Asubuhi pakeni mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni. Baada ya kilomita kumi simameni wote, vueni viatu, badilisheni soksi, zilizolowa zining'inie nyuma ya begi. Dakika kumi tu, na bado vijana watabisha. Usiwasikilize. Na mtu akisema "hapa panawaka", msimame hapo hapo, si kwenye kijiji kinachofuata. Kuwaka ndiko lengelenge linakoanzia, na plasta pana iliyobandikwa wakati ngozi bado ni nzima huokoa siku nne. Likishajaa maji na linauma, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua, acha ngozi yake ifunike kidonda, weka kitambaa safi na plasta. Ile desturi ya mahujaji ya kupitisha uzi na kuuacha ndani ipuuzeni. Uzi hubeba uchafu hadi kwenye nyama. Kucha za miguu zikatwe siku tatu kabla, zikatwe moja kwa moja bila kuzungushwa pembe.

Mteremko ndio unaoua kucha. Siku ya kwanza inaishia na mteremko mkali kuingia Portomarín, daraja refu juu ya bwawa la mto Miño, kisha ngazi. (Mji wa zamani ulizamishwa na bwawa hilo miaka ya 1960, na kanisa lake likahamishiwa kilimani jiwe kwa jiwe.) Kabla ya mteremko kama huo kaza kamba za juu za kiatu ili kisigino kisisogee na vidole visigonge mbele. Zoezi lake mnalo: shukeni kutoka mjini hadi Ipogolo mtoni, pandeni, shukeni tena, mabegi mgongoni.

Mazoezi yaanze Machi, wiki 12. Wiki tatu za kwanza kilomita tano, mara tatu kwa wiki, bila mzigo. Tatu zinazofuata nane hadi kumi, na kilo mbili mgongoni. Kisha kila Jumamosi 15, njia ya Kalenga ikiwa nzuri kwa kuwa ina vilima na kivuli cha kupumzikia. Wiki ya 10 na ya 11 ndizo zenye mtihani wenyewe: Jumamosi kilomita 20 na Jumapili 18, mzigo kamili, viatu vile vile. Anayetembea 20 siku moja bado hujajua lolote juu yake. Mwangalie akiamka Jumapili. Wiki ya mwisho ni matembezi mafupi tu. Epukeni barabara kuu ya Mbeya, malori hayana simile. Tumieni za udongo. Mvua ya Machi na Aprili msiikimbie, Galicia nako hunyesha hata Juni, na bora koti la mvua linalovuja lijulikane mkiwa Iringa. Viatu vikilowa, jaza magazeti ndani usiku kucha na uyabadilishe mara moja. Kukausha jikoni kwenye moto kunayeyusha gundi.

Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mtoto. Msichana wa kilo 50 anabeba kilo tano, na lita moja ya maji tayari ni kilo moja. Pimeni kwa mzani wa kuning'iniza wa muuza viazi. Begi la shule halifai kwa kuwa halina mkanda wa kiunoni, mzigo wote unalala mabegani. Mkanda mzuri hukaa juu ya mifupa ya nyonga na kubeba sehemu kubwa. Ndani yake: nguo mbili za kubadilisha, sweta, koti la mvua linalofunika na begi, ndala za jioni, na kipande cha nailoni ngumu ya kuuzwa kwa mita cha kufungia nguo. Na kanga. Taulo la kawaida likilowa ni jiwe. Kanga inakausha mwili, inakauka upesi, inakuwa shuka, na inafunika mabega kanisani. Wavulana nao wabebe. Wasichana wasuke mistari kabla ya safari na wabebe pedi za kutosha. Nyama kavu na maziwa, hata ya unga, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia navyo.

Kwenye mizigo ya dawa kuna jambo moja kubwa. Watoto wa nyanda za juu watalala Dar es Salaam wakisubiri ndege, na malaria ya Dar hujitokeza siku saba au zaidi baadaye, yaani katikati ya hija. Wapewe vyandarua huko. Mtu akipata homa Hispania, neno la kwanza kwa daktari liwe "tumetoka Tanzania, mpimeni malaria", kwa sababu yeye atawaza mafua. Andikeni sentensi hiyo kwa Kihispania kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Namba ya dharura ni 112.

Njiani, hosteli za serikali ya Galicia ni nafuu, kama euro kumi kitanda, lakini hazipokei oda. Anayefika mbele analala. Kundi la watu 15 halichezi bahati nasibu hiyo, lipe oda hosteli binafsi miezi mitatu kabla. Kabla ya kutandika, inua pembe za godoro utafute kunguni, na begi lisipande kitandani. Milango hufungwa saa 4 usiku, na Juni saa hiyo kule bado kuna mwanga, kwa hiyo watoto watadai hawajachelewa. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana kati ya saa 8 na saa 11. Nunueni mkate asubuhi. Melide watu hula pweza. Atakayekataa kwa kuwa hajawahi kumwona mwenye mikono minane, kuna mayai.

Kupotea ni vigumu. Mishale ya njano, aliyoanza kuipaka padre Elías Valiña mwaka 1984, iko kwenye miti, kuta na mawe, na mawe ya njia huandika kilomita zilizobaki hadi mita ya mwisho. Ndiyo maana msitembee kwa mstari kama paredi. Kila mmoja kwa mwendo wake, mtu mzima mmoja mbele, mwalimu nyuma kabisa, na makutano kila kilomita tano kwenye jiwe lililotajwa asubuhi. Mtu mzima mmoja kwa watoto sita, na mwalimu wa kike asikosekane.

Pasi ya hujaji, yaani karatasi ya mihuri inayothibitisha kwamba umetembea ili upewe Compostela, igongwe mihuri miwili kila siku, hosteli mmoja na kanisani au mgahawani mwingine. Ikunjwe kwenye nailoni pamoja na pasipoti, kwa kuwa wino ukivuja na mvua ofisi ya mahujaji haina cha kusoma. Siku ya mwisho tokeni O Pedrouzo saa 11 alfajiri na tochi, mtawahi misa ya saa 6 mchana. Mabegi hayaruhusiwi kuingia kanisani, basi yawekeni kwanza pa kulipia kuhifadhi mizigo. Toeni kanga tu.