Nyumba "tayari kuhamia": nimwamini dalali?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza na tumebakiwa na mbili. Moja imetangazwa iko tayari kuhamia: rangi mpya, vigae vinang'aa, makabati ya jikoni ni mapya. Dalali anasema ni kuingiza vitanda tu. Ya pili ni nafuu, ila rangi imebabuka na milango ya makabati inaning'inia. Hilo neno "tayari" lina uzito gani? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo ni neno la muuzaji. Linakwambia maji yanatoka, umeme unawaka, na usiku wa kwanza mtalala bila kuita fundi. Umri wa mabomba halikwambii.

Nimefanya ufundi bomba miaka 22, na nyumba yangu mwenyewe niliinunua ikiwa "tayari". Bafu lilikuwa na vigae vipya vyeupe. Mwezi wa tatu, ukuta wa chumba kilicho nyuma ya bafu ukaanza kutoa unga mweupe kama chumvi, rangi ikavimba malengelenge. Tulipobandua vigae tukakuta bomba la chuma limeoza kwenye kiungio, na lipu imelowa hadi inamegeka kwa kidole. Vigae vile nilishavilipia ndani ya bei ya nyumba, kisha nikalipia kuvivunja. Bado naumia, kwa sababu ukuta ule ndio pekee uliokuwa umepakwa rangi mpya chumbani na sikuuliza kwa nini.

Kwa hiyo rudini kwenye nyumba ya kwanza, siku mvua imetoka kunyesha. Tazameni dari. Gongeni vigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu hakijashika. Fungueni maji bafuni na jikoni kwa pamoja, kisha mvute ya chooni, muone kama yanafifia bombani, na kama yaliyotumika yanashuka upesi bila kutuama. Ingiza kichwa kwenye kabati la chini ya sinki, unuse. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu zisiwatishe. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaomeza ukingo wa sarafu, auone mhandisi kabla hamjalipa chochote. Nyaya mwachieni fundi umeme.

Ombeni pia kibali cha mamlaka cha nyumba kukaliwa, kama sheria ya mlipo inakitaka, na risiti za mwisho za maji na umeme. Hita, pampu, hata mapazia, viandikwe kwenye mkataba kimoja kimoja. Nimeshuhudia mnunuzi akifungua mlango kwa ufunguo wake mpya na kukuta ukutani matundu ya skrubu pale hita ilipokuwa.

Nyumba ya pili msiidharau. Rangi na milango ya makabati ni kazi ndogo. Kinachomaliza fedha ni paa, msingi, mabomba na nyaya. Vikiwa vizima, chukueni bei yake, mjumlishe makadirio ya fundi na akiba kidogo ya dharura, ndipo mlinganishe na ile ya kwanza. Na kama ya kwanza itapita ukaguzi, na nyinyi mna watoto wadogo na hamna muda wa kusimamia mafundi, ichukueni kwa moyo mweupe. Ila mkaguzi mtafuteni na kumlipa wenyewe, asiwe aliyeletwa na dalali.